Watoto wa Daftari la Kijani

Lifti ya jengo la masjala ilikwama Jumatatu saa nne asubuhi, saa ambayo wenye shida za karatasi huwa wengi kuliko viti. Ukumbi wa chini ulifurika. Walikuwapo wa kuandikisha watoto, wa kuandikisha maiti, wa kutafuta vyeti vilivyoliwa na mchwa, na kila mmoja alidai kuwa ndiye aliyetangulia. Ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, alikuwamo mtu mmoja tu: karani wa vizazi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi hadi kwenye mishono, sketi ya rangi ya majivu, na madaftari matatu makubwa ameyakumbatia kifuani.

Hakupiga kelele. Alibonyeza kengele mara moja, akatazama saa yake, akasubiri. Dakika ishirini na sita baadaye sauti ya mwanamume ilimshukia kutoka juu ya utosi.

"Humo ndani kuna mtu au kuna mzigo?"

"Mtu na mzigo."

"Mzito ni yupi?"

"Mzigo. Kila daftari lina watu elfu moja."

Sauti ikasema kwa utulivu, "Basi kosa ni lako, dada. Hii lifti imeandikwa watu wanane."

Alipofungua mlango kwa ufunguo wake wa chuma na kuonekana, alikuwa kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, grisi shavuni, mkanda wa vyombo kiunoni. Sakafu ya lifti ilikuwa imesimama chini ya sakafu ya ghorofa kwa kimo cha goti. Aliyapokea madaftari kwanza, moja moja, kama anayepokea watoto, ndipo akampa mkono mwenyewe. Aliona ncha za vidole vyake zilivyo nyeusi. Tangu siku hiyo hakumwita jina jingine ila Wino. Yeye naye alimwita Fundi, na kwa muda mrefu hayo mawili yaliwatosha.

Kazi ya kubadili nyaya za lifti ilichukua wiki mbili. Watumishi wa masjala, ambao walipanda ngazi wakihema na kulaani, walishangaa kwa nini karani wa vizazi alikuwa amekuwa mchangamfu. Simu ya mezani kwake ililia kila siku kabla ya saa sita.

"Inua macho," Fundi angemwambia.

"Naona dari."

"Mimi nipo juu ya hiyo dari, ghorofa nne. Nimeshika waya unaobeba uzito wa tani moja, na mkono unatetemeka kwa njaa. Unataka nife nikiwa mseja?"

Walikula chakula cha mchana kwenye ngazi za paa, nje ya chumba cha mashine. Karani alimsimulia kuhusu majina. Mtu hudhani kazi ya masjala ni kavu, kumbe jina la ukoo ni kitu cha ajabu mno. Kwa miaka saba, kila alipopata nafasi, alikuwa akifuatilia koo za watu nyuma hadi daftari la kwanza. Aliwahi kukutana na ukoo wa Usingizi, wote walinzi. Aliwahi kumwandikisha Bibi Kizingiti akiolewa na Bwana Komeo. Kulikuwa na familia ya Sinajambo iliyofungua kesi tisa mahakamani.

"Na la kwenu?"

"Tandabui."

Fundi aliacha kutafuna.

"Cheka umalize," alisema karani. "Shuleni waliniita buibui miaka kumi na miwili. Baba alikuwa akituambia tuko watatu tu duniani wenye jina hili: yeye, mama na mimi. Nimetafuta madaftari yote, ni kweli. Tangu afariki tumebaki wawili."

"Sicheki. Nafikiri tu ningejua mapema. Mtu anayeitwa Tandabui unamkaribia kwa uangalifu, hukai naye kwenye ngazi ukila." Akamtazama. "Sasa nimeshanasa."

Baba yake huyo alikuwa karani wa masjala hiyohiyo kwa miaka thelathini. Watu wazima wa ghorofa ile bado walimtaja kwa heshima: hajawahi kukosea mstari. Binti alirithi meza yake, rula yake, na imani yake kuwa kilichoandikwa ndicho kilichotokea.

Miezi minane ilipita hivyo. Jioni moja, wakiwa chumbani kwake, Fundi alitoa bahasha ndogo kutoka chini ya sanduku la vyombo. Mama aliyemlea alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, ndiye aliyempa jina alilokuwa akitumia. Alifariki mwaka uliopita na kumwachia kikaratasi chenye nambari mbili, ya daftari na ya mstari. Fundi alijua kwamba aliokotwa, hilo hakufichwa. Hakujua zaidi ya hapo. Alikuwa amekibeba kikaratasi kile kwenye kila lifti ya mji huu, akiogopa kukipeleka.

"Sasa nataka kujua," alisema. "Nataka kukuoa, Wino, lakini siwezi kukupa jina la kuazima bila kuangalia kama lipo langu. Hata kama ni baya. Hata kama ni Usingizi."

Alisema hivyo akichekesha, ila macho yake hayakucheka. Karani alikichukua kikaratasi akaahidi.

Watoto waliookotwa waliandikwa katika madaftari ya jalada la kijani, na madaftari hayo hayakukaa pamoja na mengine. Yalikuwa kwenye chumba cha mwisho cha ushoroba, chenye kufuli, na hakuna aliyeyafungua bila kibali cha Msajili. Ndiyo maana, kwa miaka yake yote saba ya kufukua majina, karani hakuwahi kuyagusa. Alijaza kibali, kikasainiwa, akaingia peke yake mchana wa saa nane. Daftari la sita. Mstari wa kumi na saba.

Mwandiko ndio aliouona kwanza, kabla ya maneno. Mwandiko uliolala kidogo kulia, wino usioruka mstari. Mwandiko uliosaini ripoti zake zote za shule. Mtoto wa kiume, umri wa siku nne takriban, ameokotwa kwenye ngazi za hospitali. Jina la mama: hajulikani. Jina la baba: hapo palikuwa na jina la baba yake, kamili, likimalizikia na Tandabui. Kazi ya baba: karani.

Alisoma mara tatu. Chumba kilikuwa hakina dirisha, lakini alihisi kuna mtu amesimama nyuma ya bega lake akisoma naye, bila haraka, kama baba alivyozoea kusimama akimkagulia hesabu. Ikamjia harufu ya peremende za mnanaa, zile zilizokuwa hazikosekani mfukoni mwa koti la baba. Karani hakuamini mizuka. Aligeuka hata hivyo. Kulikuwa na rafu tu.

Aliporudi alimwambia Fundi kwamba ukurasa umeliwa na wadudu, haukusomeka. Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa kikazi na aliusema vibaya. Fundi akauliza kama hata tarehe haikusalia. Hata tarehe, akajibu. Usiku wake hakumruhusu amshike mkono, na siku zilizofuata hakupokea simu. Kumtazama kulimtia kizunguzungu: alianza kuona kidevu cha baba kwenye kidevu chake, kisha akaona vidole, kisha akaona namna ya kuinamisha kichwa, hadi akawa haoni mpenzi tena, anaona baba yake akiwa kijana, ndani ya ovaroli.

Siku ya tisa alipokea.

"Nijibu moja tu, nitakuacha," alisema Fundi. Nyuma yake ilisikika mashine ikizunguka. "Ni kwa sababu sina ukoo?"

Karani alipima majibu mawili. Lile la kweli lingemfanya mtu huyu ajione najisi kwa kila walichowahi kufanya. Lile la uongo lingemfanya amchukie tu, na chuki hupona.

"Ndiyo," alisema.

Simu ikakatika.

Wiki ile alimlilia Fundi na kumkasirikia marehemu, vyote viwili kwa zamu. Alijiambia kuwa baba alikuwa na mwanamke wa nje; wangapi hawana? Lakini hakuweza kuacha jambo likiwa nusu. Kibali chake kilikuwa hakijaisha muda. Akarudi kwenye chumba kile kutafuta lolote la kumtambulisha huyo mwanamke, akafunua ukurasa uliofuata. Mstari wa thelathini na moja: msichana, ameokotwa kituo cha mabasi. Jina la baba: Tandabui, karani. Akafunua mwingine.

Alipomaliza daftari la nane alikuwa amehesabu ishirini na wanne, katika miaka tisa. Mwezi mmoja wa mvua kubwa ulikuwa na wanne peke yake. Mwanamume mmoja hawezi, alijiambia kwa ubaridi wa hesabu. Na kama anaweza, hawezi kuyafanya hayo na bado awe anafika nyumbani kila jioni saa kumi na moja na robo kama alivyokuwa akifika baba. Mtoto mmoja, wa kike, alikuwa ameandikwa tarehe ileile aliyozaliwa yeye. Baba ametoka wodini kumwona binti yake, akaja kazini, akaandika binti mwingine.

Mama yake alikuwa mshonaji, na alimkuta akitia upindo kwenye sare. Karani hakuzunguka mbuyu. Aliuliza ishirini na wanne ni nani.

Mama hakuinua uso. "Mimi, bila wewe, nina ishirini na watano," alisema. "Mmoja hayumo kwenye daftari."

Akamweleza, huku sindano ikienda na kurudi. Kabla ya kumzaa yeye walipata mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba mtoto akifa kabla ya siku ya saba haandikwi, si kwenye vizazi wala kwenye vifo. Baba aliyekuwa ameandika watoto wa mji mzima alikaa mezani kwake na kalamu, na kanuni ikamkatalia wake. Mwezi uliofuata wakaleta kitoto kilichookotwa sokoni. Safu ya baba haikuruhusiwa kuachwa wazi; desturi ilikuwa kuandika "hajulikani". Baba alisema mkono ulikataa.

"Na wewe ulikuwa unajua wote?"

"Kila alipoandika mmoja alikuja kunitajia uzito wake. 'Kilo mbili na nusu, mke wangu. Ana nywele nyingi.' Basi. Hatukuzungumza zaidi. Tulikuwa tunakula, tunalala."

Karani akauliza kile alichojia. "Je, kama mmoja wao ni wake kweli?"

Sindano ikasimama.

"Hilo nimejiuliza miaka thelathini na sita," alisema mama. "Wewe ndiye mwenye elimu, mwanangu. Ukipata jibu, nami uniambie."

Fundi, kwa upande wake, hakuwa mtu wa kukubali kuwa wadudu wamekula ukurasa mmoja katikati wakaacha jalada. Aliandika ombi lake mwenyewe, akalipeleka kwa Msajili kwa njia ya kawaida, akasubiri kama raia yeyote. Nakala ilitoka baada ya wiki sita. Hakupiga simu. Alikuja ukumbini asubuhi, shati la buluu lililopauka, viatu vimepigwa rangi, akachukua nambari, akakaa benchi saa mbili na dakika kumi hadi nambari yake ilipoitwa kwenye dirisha la karani wa vizazi. Akaipitisha karatasi chini ya kioo. Kibao chenye jina la karani, jina lilelile, kilikuwa kati yao.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliona afadhali unichukie."

"Nimekuchukia wiki sita. Ni kazi ngumu, haina likizo." Aligusa kioo mbele ya kibao kile. "Wewe ni dada yangu?"

"Sijui."

Nyuma yake mtu wa nambari iliyofuata alikohoa kwa makusudi. Karani aliweka kibao cha "Dirisha limefungwa", jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa ya kufunga, akatoka, wakapanda ngazi hadi juu kwenye paa. Alimweleza yote: mwandiko, wale ishirini na wanne, mtoto wa siku mbili. Alimweleza hata peremende. Fundi alisikiliza bila kukatiza. Mwisho aliuliza swali moja tu, kama ipo njia ya kujua bila kukisia. Ipo, akamwambia. Maabara. Siku kumi na nane.

Siku hizo kumi na nane walikutana kila jioni kwenye bustani ya manispaa, na katikati ya benchi karani aliweka mkoba wake. Hawakuitana mpenzi, hawakuitana ndugu. Fundi alimwuliza habari za marehemu. Alikuwa anapenda nini? Alikuwa akikasirika anafanyaje? Karani alijibu kikarani mwanzoni, kisha akajikuta anasimulia: alikata kucha kila Jumapili, alijua wimbo mmoja tu wa kupiga mluzi, na aliukosea palepale kila siku, aliogopa mbwa lakini akawa anawaamkia. Fundi alicheka, akaomba arudie habari ya mbwa.

Jioni ya kumi na saba alisema, akitazama mbele, "Ninaomba karatasi iseme hapana. Naomba kwa nguvu zangu zote. Halafu nikilala nasikia ubaya. Nina miaka thelathini na mitano, Wino, nimepata baba mwezi huu. Ana mwandiko mzuri. Kazi yake inajulikana. Nikiomba hapana, ni yeye ninayemkataa."

Karatasi ilisema hapana. Iliandikwa kwa takwimu, na karani aliisoma kwa takwimu, mstari kwa mstari, kabla ya kumpa: watu hawa wawili hawana baba mmoja, wala uhusiano wowote wa damu wa karibu. Fundi alikaa kwenye ukingo wa barabara nje ya maabara akajifunika uso kwa viganja. Karani alimpigia mama.

"Hapana, mama. Si wake."

"Ahsante," alisema mama, akakata simu. Jirani alisema baadaye kuwa siku ile mshonaji alifunga cherehani mchana akalala hadi kesho yake.

Ingeishia hapo kama dunia isingekuwa na madaftari. Walipopeleka tangazo la ndoa lilirudi baada ya siku nne na muhuri: haliwezi kupokelewa, wachumba wana baba mmoja kwa mujibu wa rekodi. Msajili aliwaita. Alikuwa mtu mzima mpole mwenye shingo nyembamba, aliyefunzwa kazi na marehemu. Aliisoma karatasi ya maabara, akaikunja, akasema jambo ni jepesi na si jepesi. Mstari wa kumi na saba unaweza kusahihishwa. Lakini kila sahihisho lazima liwe na sababu yake, na afisa anayelifanya aisaini. Sababu ikiwa ni maelezo ya uongo yaliyoingizwa kwa makusudi, basi daftari zima linakwenda kwa wakaguzi, pamoja na yote yaliyoandikwa na mkono uleule. Kila mwenye jina asilostahili atafutwa jina hilo na kupewa taarifa kwa barua.

"Na sababu nyingine zipo?" aliuliza karani.

"Ipo kosa la karani," alisema Msajili, akitazama dirisha. "Hiyo hufuta mstari mmoja tu. Lakini wewe na mimi tunajua kama marehemu aliwahi kukosea."

Fundi alisema njiani kwamba kwake uamuzi ni mwepesi: kosa la karani, mwisho. Karani hakuwahi kutia saini yake chini ya jambo asiloliamini, na hilo alilijua kama anavyojua urefu wake. Uongo wa baba ulikuwa ishirini na nne. Je, kuufunika kwa mwingine ni kuusahihisha? Siku hizo mji ulikuwa umembadilikia. Kwenye foleni ya mikate, kwenye vivuko vya barabara, alizisoma nyuso za watu wa umri wa miaka thelathini na kitu, akijiuliza ni yupi. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka tisa. Hilo alilikuta katika daftari la vifo. Wengi walilelewa na watu wakabadilishwa majina. Saba hawakuchukuliwa na mtu, wakakulia kwenye nyumba ya watoto, wakabaki na Tandabui. Jina lile aliloambiwa lina watu watatu duniani lilikuwa likitembea mitaani miaka yote, na yeye halijui.

Mmoja wa hao saba, yule wa tarehe yake, alikuwa na duka la miwani nyuma ya benki. Karani alikwenda kama mteja. Alikuta mwanamke mfupi, mnene, gauni la maua makubwa, miwani yenye fremu nyekundu, mcheshi kupita kiasi. Alimpima macho huku akimsema kwa kuyachosha. Ukutani, ndani ya kioo, palikuwa na leseni ya biashara yenye jina lake kamili. Karani alilitaja kana kwamba ndiyo kwanza analiona, akasema ni jina geni.

"Geni sana," alisema mwenye duka, akibadilisha lenzi. "Sisi ni wachache. Baba yangu alikuwa karani, mtu wa wino na karatasi. Sikumwona, nadhani alifariki nikiwa mdogo, lakini cheti ninacho. Wenzangu kule kwenye nyumba ya watoto waliandikiwa hajulikani. Mwalimu akisoma orodha, wao wanatazama chini. Mimi nikisikia Tandabui nasimama." Alicheka. "Haya, soma mstari wa chini. Unasomeka?"

"Hausomeki," alisema karani, maana macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Jumatano iliyofuata waliingia watatu kwenye chumba kisicho na dirisha: Msajili mwenye ufunguo, karani, na Fundi, ambaye alikuwa na haki ya kuwapo kwa kuwa mstari ulikuwa wake. Alivaa suti ya kijivu aliyoinunua kwa ajili ya harusi. Karani alifungua daftari la sita, akaweka rula, akachovya kalamu katika wino mwekundu. Msajili alieleza utaratibu kwa sauti ya kazi: mstari mmoja tu, ulionyooka, usiozidi unene wa kalamu, kwa kuwa sheria inataka kilichofutwa kiendelee kusomeka.

"Naomba nikisome kabla," alisema Fundi.

Akainama, akasoma jina la baba yule kwa sauti, lote, pole pole, kama mtu anayejibu kuitwa. Alisoma na kazi yake. Kisha akanyoosha mgongo.

"Kata."

Karani alikata. Katika safu ya sababu akaandika, kwa mwandiko wake wazi, Kosa la karani, akasaini. Haukuwa ukweli. Aliutazama wino ukikauka juu ya jina lake mwenyewe, na hakujutia. Yule aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake tangu siku ile ya kwanza chumbani humo, kama alikuwapo, hakusema neno.

Ilibaki safu ya baba, ambayo haiwezi kuachwa wazi. Kalamu ilifika juu ya karatasi ikasimama. Akajaribu tena. Mkono ulikataa.

Msajili alianza kukagua kufuli la mlango kwa umakini usio wa lazima.

"Andika, Wino," alisema Fundi kwa upole. "Nimekuwa na baba siku arobaini na tatu. Wako watu hawajapata hata hizo. Andika, kisha tutoke humu, nina jambo la kukuomba mbele ya watu."

Aliandika neno lile moja. Alilinganisha herufi zake vizuri, akalikausha kwa karatasi ya kunyonya wino, na daftari likarudi rafuni, na wale watoto wengine ishirini na watatu wakabaki ndani ya madaftari yao, hawajaguswa.

Ukumbini palikuwa pamejaa kama kawaida. Fundi hakupiga goti. Alimshika mkono tu, ule wenye vidole vyeusi na leo vyekundu, akamwuliza kama atakubali kuolewa na mtoto wa hajulikani, na mama mmoja mwenye kichanga aliyekuwa karibu akamwambia karani asijivute, wanaume wa suti hawapatikani ovyo. Karani alisema ndiyo. Alilisema neno lile kwa sauti ileile aliyoitumia kwenye simu siku ya tisa, maana hakuwa na nyingine, na Fundi akatabasamu kwa namna ya mtu aliyekwisha kusamehe.

Walichukua nambari ya dirisha la ndoa, wakakaa. Mbele yao walikuwapo watu kumi na wanane. Karani alianza kuzitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, kidevu, vidole, namna ya kuinamisha kichwa, na alipogeuka kando akaona kwamba Fundi naye alikuwa akitazama.